Jinsi ya kubana video bila kuharibu picha na sauti

VIDEO ya harusi au ya mazishi hupigwa mara moja tu. Anayeibana vibaya kisha akaifuta ile ya asili huwa amepoteza kumbukumbu ambayo hakuna fundi awezaye kuirejesha.

Programu za kubana video, zikiwemo HandBrake na FFmpeg ambazo hupatikana bila malipo, humwekea mtumiaji mipangilio mingi. Wengi huiacha ilivyo au hubahatisha, ilhali ni mambo machache tu yanayoamua iwapo kazi itafaulu.

Picha yenye upana wa pikseli 1,920 na kimo cha 1,080, ikiwa na fremu 25 kwa sekunde, huhitaji takriban megabiti 1,244 kila sekunde isipobanwa. Saa moja tu ingejaza gigabaiti 560 hivi. Ndiyo maana kamera na simu huibana video papo hapo inaponaswa.

Ubanaji huo hufanyika kwa njia mbili. Kwanza, programu hulinganisha fremu zinazofuatana. Ukuta ulio nyuma ya bibi harusi hausogei, kwa hivyo huhifadhiwa mara moja, kisha yakahifadhiwa mabadiliko pekee. Pili, hutupa maelezo madogo ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi. Kilichotupwa hakirudi, maji yakimwagika hayazoleki. Aidha, kila video inapobanwa upya, hasara mpya huongezwa juu ya ile ya awali.

Jambo la kwanza la kuchagua ni mbinu ya ubanaji. MP4 na MKV si mbinu, bali ni vyombo vya kubebea picha na sauti. Mbinu yenyewe huwa ndani ya chombo: H.264 iliyoidhinishwa mwaka wa 2003, H.265 ya mwaka wa 2013 au AV1 ya mwaka wa 2018. Hizi mbili za mwisho huweza kutoa ubora ule ule kwa faili ndogo zaidi, lakini kazi yake huchukua muda mrefu na vifaa vingi vya zamani haviwezi kuzifungua. Video itakayotumiwa jamaa wengi wenye simu na runinga za kila aina ni heri ibanwe kwa H.264.

Jambo la pili ni ubora. Ikiwa ukubwa wa faili haujawekewa mpaka, ni vyema kutumia kipimo cha ubora, ambacho huandikwa CRF katika FFmpeg na RF katika HandBrake. Kwa H.264 ya kawaida, kipimo hiki huanzia 0 hadi 51. Nambari ikiwa ndogo, ubora hupanda na faili huwa kubwa. Kwa picha ya kimo cha 1,080, kati ya 20 na 24 hufaa. Kwa picha ya DVD, kati ya 18 na 22. Programu yenyewe itatoa biti nyingi penye ngoma na machache mahali mtu ameketi akihutubu.

Hata hivyo, huenda faili ikatakiwa isipite ukubwa fulani. Hapo hesabu hutumika. Tuseme video ya dakika 60 itoshee megabaiti 700. Zidisha 700 kwa 8, upate megabiti 5,600. Gawa kwa sekunde 3,600, upate kilobiti 1,555 hivi kwa sekunde. Ondoa 128 za sauti, kisha uache akiba kidogo: picha ipewe 1,400. Chagua pia ubanaji wa awamu mbili. Katika awamu ya kwanza programu huikagua video yote, na katika ya pili huyagawa biti kulingana na mahitaji ya kila sehemu.

Vipimo vya picha na idadi ya fremu viachwe kama vilivyo katika video ya asili. Kukuza picha ya kimo cha 576 hadi 1,080 hakuongezi maelezo yoyote. Video za kanda za zamani nazo hugawanya kila picha katika mistari shufwa na witiri. Ukiona kingo za kitu kinachosonga zina meno kama ya kitana, washa kichujio cha kuiunganisha mistari hiyo kabla ya kubana.

Sauti nayo isipuuzwe. Sauti ya CD hutumia kilobiti 1,411 kwa sekunde. Kwa mbinu ya AAC, kilobiti 128 hadi 160 hutosha muziki wa spika mbili, na 64 hutosha hotuba ya mtu mmoja. Ikiwa sauti tayari ni AAC, chagua inakiliwe ilivyo badala ya kubanwa tena.

Kabla ya kuanza kazi yote, jaribu dakika moja ya sehemu ngumu zaidi: wachezaji wengi, moshi, au majani yanayopeperuka. Itazame kwenye runinga kubwa, na usikilize sauti kwa makini. Ikipendeza, endelea na nyingine yote.

Mwisho, video ya asili ihifadhiwe katika diski mbili tofauti, hata baada ya ile iliyobanwa kukamilika. Akiba haiozi.