Wachukuzi wa Anga za Juu: Tuwaiteje?

Mei 2012 Dragon, chombo cha kampuni ya SpaceX, kilifikisha mizigo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Tangu hapo kampuni kuipelekea serikali ya Marekani mizigo huko juu limekuwa jambo la kawaida. Msamiati wetu ndio uliobaki nyuma. Tunasimulia uchukuzi kwa maneno ya vita na ya ujenzi, ilhali pwani yetu ina hazina ya maneno ya shehena iliyokusanywa kwa karne nyingi. Njoo, mlinzi mwenzangu wa lugha, tuyapime moja moja.

Tuanze na “mkandarasi”. Neno hili tumelikopa kwa Waingereza, na masikioni mwetu ni mtu wa barabara na majengo: hujenga, hukabidhi, hulipwa, huondoka. Lilifaa zama ambazo NASA, shirika la anga za juu la Marekani, iliagiza chombo, ikakigharimia, kikawa mali yake. Mpango wa NASA ulioanza mwaka 2006 uligeuza mambo: kampuni hubaki na roketi na chombo chake, serikali hulipia mzigo ufike. Mwenye chombo anayelipwa kwa kusafirisha mizigo, Kiswahili humwita “mchukuzi”. Zamani aliyeitwa hivyo alibeba kichwani. Leo tuna Wizara ya Uchukuzi, na reli na meli zimo humo. Neno limekwisha kukua. Roketi nayo itaenea.

“Kampuni binafsi” au “kampuni ya kibiashara”? La kwanza hueleza mwenye mali, la pili hueleza lengo. Shirika la umma nalo laweza kufanya biashara, kwa hiyo maneno haya si pacha. Tukizungumzia umiliki, tuseme binafsi. Tukizungumzia huduma inayouzwa, tuseme ya kibiashara.

“Nauli” imepunjwa. Siku hizi tunaijua ya daladala na matatu, lakini asili yake ni Kiarabu cha mabaharia, na ilikuwa pia malipo ya kupakia bidhaa chomboni. Desemba 2008 NASA iliingia mikataba miwili: SpaceX safari 12 kwa dola bilioni 1.6, kampuni ya Orbital Sciences safari 8 kwa dola bilioni 1.9. Fedha hizo ni za nini, kama si nauli? Turudishie neno haki yake.

“Mzigo” na “shehena” huchanganywa mno. Mzigo hulemea, hata deni ni mzigo. Shehena hujaza chombo, na kitenzi chake, kusheheni, hutuonyesha ngama iliyojaa hadi juu. Chakula, nguo, vipuri na vifaa vya utafiti vikishapangwa ndani ya chombo, vimekuwa shehena. “Kago” haina la kutuongezea.

“Roketi” tumeikopa na ibaki, imeshatulia kinywani. La kuondolewa hapa ni “kombora”. Kombora likifika, huangamiza. Roketi hii ikifika, watu hupata chakula. “Kufyatua” nako tuwaachie wenye bunduki, mitego na matofali.

“Kurusha” je? Asili yake ni kuruka, na si kosa, ila jiwe nalo hurushwa, na arushaye huliacha liende zake. “Kushua” ni kutamu: ndiko kuteremsha chombo majini. Tatizo ni huo mteremko, maana roketi hupanda. Mimi nachagua “kupaisha”. Roketi hupaa, kampuni huipaisha, na mnyambuliko wenyewe umemtaja mwenye kazi.

Huko kituoni Kiswahili kinang’ara. Dragon za awali na Cygnus, chombo cha Orbital, zilisogea karibu, zikadakwa na mkono wa mashine na kuunganishwa na kituo. Dragon mpya za mizigo, tangu Desemba 2020, hujiunga zenyewe. Wataalamu huhitaji istilahi mbili. Sisi tuna kitenzi kimoja chenye viambishi. Cygnus “huegeshwa”, Dragon mpya “hujiegesha”. “Kutia nanga” hakufai, kwani hakuna nanga wala sakafu ya kuishika.

Viambishi hivyo hivyo hutenganisha ajali na kazi. Oktoba 2014 roketi ya Antares ililipuka sekunde chache baada ya kupaa kutoka Wallops, Virginia, na shehena “ikateketea”. Cygnus inayomaliza kazi hujazwa taka, kisha “huteketezwa” kwa makusudi inaporejea kwenye hewa nzito. Atakayeandika “imeteketea” atawatia wasomaji hofu bure. Dragon, yenyewe, hurudi na shehena kwa miavuli na “kutua” baharini. Na kutua, tukumbuke, ni pia kushusha mzigo begani.

Limebaki jina la chombo chenyewe. “Chombo” ni neno pana: sufuria ni chombo, jahazi ni chombo. Kwa kile kisicho na watu, kipelekacho shehena kwenye kituo, napendekeza “tishali la anga”. Mabaharia wetu waliita tishali mashua ya kuhamisha bidhaa kati ya gati na meli iliyotia nanga mbali. Kazi ni ile ile, bahari ndiyo iliyobadilika.

Sasa tujaribu sentensi: “Mchukuzi amepaisha tishali lililosheheni vipuri, nalo limejiegesha kituoni.” Isome kwa sauti. Hakuna neno la vita, hakuna la zege, na kila moja lina ukoo. Mabaraza ya lugha husanifu, lakini wanaozoesha neno ni waandishi na watangazaji. Basi yatumie haya, au leta bora kuliko haya, kabla safari ijayo haijatangazwa kwa makombora na wakandarasi.