Sheria Iliyochelewa Kufika Bustanini: Wakata Nyasi wa Kenya na Usalama Wao Kazini

Tukiendelea kuwatazama majirani zetu, leo tunaigeukia Kenya, na hasa watu ambao vitabu vya historia havina mazoea ya kuwataja: wakata nyasi na watunza bustani. Nyasi za Nairobi zimekatwa kwa ujira tangu mji ulipoanza kuwa mji, lakini sheria ya usalama iliyomgusa waziwazi kila anayezikata ilipatikana mwaka 2007. Ilikuwa wapi muda wote huo? Ilikuwa kiwandani.

Tuanze na mashine yenyewe, kwa kuwa kisa chake kina kinaya. Mashine ya kukata nyasi ilibuniwa Uingereza na Edwin Budding, aliyepewa hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu wake, mwaka 1830. Wazo hilo hakulipata bustanini. Alilipata katika viwanda vya sufu vya Gloucestershire, ambako silinda yenye visu ilitumika kunyoa manyoya yaliyochomoza juu ya kitambaa. Mwaka 1833 Bunge la Uingereza liliweka wakaguzi wanne wa viwanda vya nguo, na mwaka 1844 sheria nyingine ikaamuru sehemu hatari za mitambo zizungushiwe vizuizi. Hivyo visu vilivyobaki kiwandani vikapata mkaguzi, ilhali vile vilivyotoka kwenda bustanini vilikwenda peke yao. Uingereza ilingoja hadi mwaka 1974 kupata sheria ya usalama kwa wafanyakazi kwa jumla, na hata hiyo iliwaacha nje watumishi wa nyumbani.

Nairobi ilianza kama kituo cha reli mwaka 1899. Baada ya miaka michache tu, mji ulikuwa na maeneo yaliyohitaji nyasi fupi: bustani iliyotolewa na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906, klabu ya gofu mwaka huohuo, na bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907. Nyasi zenyewe hazikuhitaji kuagizwa ng'ambo. Nyanda za juu za Kenya zina nyasi zitambaazo, ngumu, zinazojulikana duniani kwa jina la Wakikuyu, na mwanzoni mwa karne ya 20 zilisafirishwa hadi Afrika Kusini na Australia. Mvua ikinyesha, nyasi hizo hukua kwa kasi inayomchosha mtu. Anayezikata kwa fyekeo huinama, huzungusha mkono, huinuka, kisha huinama tena, saa baada ya saa.

Mtu huyo aliitwa “shamba boi”. Wanafunzi wa lugha na walitazame neno hili kwa makini. “Boi” limetoka katika Kiingereza, na maana yake ni mtoto wa kiume. Lakini lilimwita mtoto hata mwanamume mwenye wajukuu. Naona lugha hiyo na sheria za wakati ule zilikwenda pamoja, kwa maana aliyeitwa mtoto wa nyumbani kwa bwana hakuhesabiwa kwa urahisi kuwa mfanyakazi mwenye haki.

Mwaka 1951 Kenya ilianza kutumia Sheria ya Viwanda, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1937. Ilikuwa sheria nzuri kwa aliyesimama mbele ya mtambo ndani ya kiwanda. Mfanyakazi wa kiwanda cha sukari alihesabika, lakini mtunza bustani wa nyumba ya meneja wa kiwanda hichohicho hakuwa na mahali ndani yake. Mabadiliko ya mwaka 1990 yaliongeza katika jina la sheria maneno “na mahali pengine pa kazi”. Mwaka 2007 Bunge la Kenya likaifuta na kutunga Sheria ya Usalama na Afya Kazini, inayohusu kila mahali ambapo mtu yupo kazini, iwe kwa muda au kwa kudumu. Tanzania ilikuwa imefanya mageuzi ya aina hiyo mwaka 2003.

Maneno “kila mahali” yana uzito tukiyaweka mbele ya mashine. Kisu cha mashine ya petroli huzunguka kwa kasi kubwa, na kokoto iliyojificha katika ukoka hurushwa kama risasi ya manati. Inaweza kumpiga jichoni aliyeishika mashine. Inaweza pia kumpiga mama anayepita barabarani na mtoto mgongoni. Sheria ya 2007 inamlinda mama huyo vilevile, kwa sababu madhumuni yake yanawataja wafanyakazi na pia watu wengine wanaoweza kudhurika kutokana na kazi inayofanyika. Ndiyo maana eneo hukaguliwa na kuokotwa mawe kabla injini haijawashwa.

Jeraha linalosikitisha zaidi ni la vidole. Nyasi mbichi hukwama chini ya mashine, na mtu mwenye haraka huingiza mkono kuzitoa. Kinachotakiwa ni kuzima injini, kungoja kisu kisimame kabisa, na kuchomoa waya wa plagi ndipo mkono usogee. Wengi hawafanyi hivyo kwa kuwa hawakufundishwa, au kwa kuwa wanalipwa kwa eneo walilomaliza, na kila dakika ya kusimama ni hasara yao. Hapo simlaumu mwenye mkono. Sheria yenyewe inamtaka mwajiri atoe mafunzo na vifaa vya kujikinga. Kanuni za kelele za mwaka 2005 nazo zinakataza mtu kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na mashine nyingi za petroli huzungukia kiwango hicho sikioni mwa anayezisukuma. Aidha, mfanyakazi akitoa taarifa ya hatari kubwa, hapaswi kurudishwa mahali hapo kabla hatari haijaondolewa.

Je, akishaumia? Mwaka huohuo wa 2007 ilitungwa sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini. Iliwataka waajiri kuwakatia wafanyakazi bima, na ikaweka fidia ya mishahara ya miezi 96 kwa aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi. Madai yalitakiwa kupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini badala ya mahakamani. Chama cha Wanasheria cha Kenya kilipinga, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu kadhaa. Mahakama ya Rufani ilivirejesha vingi mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo Desemba 2019. Kwa miaka kumi aliyekatwa kidole alikuwa na sheria mkononi, lakini mlango wa kubisha ulikuwa unabishaniwa na wenye elimu.

Limebaki suala la bustani za majumbani. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani unasema kila mmoja wao ana haki ya mazingira salama ya kazi, na mtunza bustani wa familia ni mmojawapo. Hata hivyo, wengi wanaokata nyasi nyuma ya mageti ya Nairobi ni vibarua wa siku, walioafikiana kwa mdomo, leo nyumba hii, kesho ile. Kibarua wa namna hiyo akidai fidia, jambo la kwanza atakalotakiwa kuonyesha ni kwamba alikuwa mwajiriwa, na wa nani. Huenda ushahidi pekee alio nao ni ujumbe wa malipo uliobaki katika simu yake.