Funza ndani ya mapera: Chanzo chao na jinsi ya kuwakabili

Ni nadra kupata boma katika Kaunti ya Kakamega lisilo na mpera. Kuanzia Shinyalu hadi Malava na Butere, mti huu huota wenyewe kando ya ua na kwenye mipaka ya mashamba, bila kupandwa wala kutiwa mbolea. Watoto huyachuma mapera wakitoka shuleni, na akina mama huyauza kwa mafungu sokoni na kando ya barabara. Hata hivyo, tunda linalopendeza kwa nje mara nyingi hupasuliwa na kukutwa limejaa funza weupe, likatupwa chini ya mti liendelee kuoza.

Hasara hiyo si ndogo. Gramu 100 za pera zina takriban miligramu 200 za vitamini C, kiasi kinachozidi kile cha chungwa zaidi ya mara tatu. Kwa familia isiyomudu kununua matunda, mpera wa nyuma ya nyumba ni akiba ya lishe isiyogharimu chochote.

Wanaosababisha

Funza hao hawazaliwi na uozo wa tunda, bali ni watoto wa nzi wa matunda. Eneo la magharibi mwa Kenya lina nzi wa asili wa aina kadhaa wa jamii ya Ceratitis, ambao tangu jadi wamekuwa wakizaana katika matunda ya mwituni, yakiwemo yale ya Msitu wa Kakamega. Mnamo 2003, watafiti wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, Icipe, chenye makao yake Kasarani, Nairobi, waligundua nchini nzi mwingine mwenye asili ya Asia. Nzi huyo, ambaye kwa sasa wataalamu humwita Bactrocera dorsalis, alienea upesi katika nchi nyingi za Afrika.

Nzi jike hutoboa ganda la tunda na kutaga mayai chini yake. Alama anayoiacha ni ndogo kama ncha ya sindano, na huweza kuonekana kama kidoa cheusi au kilicholowa. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, na funza hula nyama ya tunda kwa muda wa wiki moja au zaidi. Tunda huanguka, funza hutoka na kujifukia katika udongo kwa kina cha sentimita chache, kisha hugeuka kuwa pupa. Baada ya wiki moja na nusu hivi, nzi mpya huruka. Jike mmoja wa Bactrocera dorsalis anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake.

Kwa hivyo, tunda lililoachwa chini ya mti leo ndilo linaloharibu matunda ya mwezi ujao.

Usafi kwanza

Hatua yenye manufaa zaidi ndiyo rahisi zaidi: kuokota matunda yote yaliyoanguka, angalau mara mbili kwa wiki, kabla funza hawajatoka na kuingia udongoni. Yale yaliyo mtini na yenye dalili za kuoza yachumwe pia.

Matunda hayo yasitupwe kwenye lundo la mboji, kwani huko funza watakamilisha ukuaji wao kwa raha. Yatiwe katika mfuko mweusi wa plastiki usiotoboka, ufungwe kabisa na uachwe juani kwa siku kadhaa hadi joto liwaue. Njia nyingine ni kuyafukia katika shimo lenye kina cha futi mbili na kuushindilia udongo. Yanaweza pia kupewa nguruwe mara tu yanapookotwa. Kuku wakiachiliwa chini ya mpera nao hupekua udongo na kula funza na pupa.

Mwenye miti michache anaweza kuyafunika matunda kwa mifuko ya karatasi au magazeti ya zamani yangali mabichi na magumu. Aidha, mapera yakichumwa punde tu rangi ya kijani inapoanza kufifia, kisha yakavundikwa nyumbani, hupunguziwa muda wa kushambuliwa.

Kunyunyizia mti dawa kali ya wadudu hakufai. Dawa haimfikii funza aliye ndani ya tunda, ilhali huwaua nyuki na nyigu wadogo wanaoshambulia nzi hao. Isitoshe, watoto hula mapera papo hapo mtini bila kuyaosha. Panapohitajika nguvu zaidi, hutumiwa mitego na chambo cha protini, ambacho nzi hukifuata wakitafuta chakula. Icipe pia iliingiza nchini nyigu wa aina ya Fopius arisanus kutoka Hawaii mnamo 2006. Nyigu huyo hutaga ndani ya mayai ya nzi na hana madhara kwa binadamu.

Je, ni hatari kuwala?

Aliyemeza funza wa pera kwa bahati mbaya hana haja ya kuingiwa na hofu, kwa kuwa mdudu huyo hawezi kuishi tumboni mwa binadamu na huyeyushwa kama chakula kingine. Tatizo ni uozo unaoandamana naye. Tunda lililopondeka, lenye maji au harufu ya uchachu, litupwe. Lililo imara likatwe vipande na kukaguliwa, na sehemu iliyoharibika iondolewe. Matunda madogo laini kama forosadi hulowekwa katika maji yenye chumvi kwa nusu saa hivi ili wadudu watoke, kisha husuuzwa. Anayetengeneza jamu ayachemshe vyema.

Mti usikatwe

Baadhi ya watu huamua kuukata mpera. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mnamo 2008 kuhusu mashamba yanayouzunguka Msitu wa Kakamega ulionyesha kuwa ndege wanaofuata mapera huangusha mbegu za miti ya msituni, na kwamba miche ya miti hiyo huota chini ya mipera.

Lakini mpera usiotunzwa huwa maficho ya nzi wakati maembe yamekwisha, wakisubiri msimu mwingine. Athari zake zimefika mbali: mnamo 2007 Afrika Kusini ilifungia parachichi za Kenya kwa sababu ya nzi hao, na kuanzia 2014 hadi 2021 Kenya ilisitisha kuuza maembe katika Umoja wa Ulaya.

Nzi hatambui mipaka ya mashamba. Boma moja likisafishwa huku la jirani likiachwa na mapera yanayooza, kazi huwa bure. Kidole kimoja hakivunji chawa. Majirani hawana budi kukubaliana kuokota matunda kwa pamoja, msimu mzima.