Hajulikani kwa nani?

Mwaka 1991, picha kadhaa za watu wa Bamako, Mali, zilionyeshwa jijini New York. Maelezo yake yalisema eti mpigapicha hajulikani. Hajulikani kwa nani? Wakati huo Seydou Keïta alikuwa hai, mzee wa miaka kama 70, akiishi papo hapo Bamako.

Suala hili lilinijia nilipozuru maonyesho ya kazi zake katika jumba la Grand Palais, Paris, mwaka 2016. Keïta alikuwa seremala. Mwaka 1935 ami yake alimletea kamera ndogo kutoka Senegal, na mwaka 1948 akafungua studio. Pazia la kwanza alilotundika nyuma ya wateja lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Watu walifurika: makarani, akina mama na wana wao, vijana waliotaka kupigwa picha wakiwa na redio au saa ya kuazimwa pale studioni. Kwa kawaida mteja alipigwa mara moja tu, maana filamu ilikuwa ghali.

Pazia hilo lina faida kwa mwanahistoria. Keïta alilibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, na uzeeni alitazama maua na nakshi zake akakadiria picha ni ya mwaka gani. Kitambaa kimetutunzia tarehe. Majina, la. Wengi wa waliopigwa picha hizo leo wametundikwa ukutani chini ya maneno “Bila anwani”.

Katika isimu tunafundisha kwamba kauli ya kutendeka humficha mtenda. Ukisema “kikombe kimevunjika”, aliyekivunja amejinasua. Ndivyo lilivyo neno “hajulikani”: linamtaja asiyejulikana, linamsitiri asiyeuliza. Mfaransa André Magnin alipofunga safari hadi Bamako kuuliza, alimpata Keïta.

Nasi je? Kabatini mwetu mna picha za studio za babu na nyanya zetu, wamesimama wima, viatu vimeng’arishwa. Anayewatambua wote huenda ni shangazi mmoja tu aliyebaki. Basi chukua kalamu ya risasi, keti naye, uandike majina nyuma ya kila picha. Akishaondoka, wajukuu watasema hao hawajulikani, na hakutakuwa na Bamako ya kwenda kuuliza.