Mchezo Uliofungiwa Milango

Ninapofundisha historia ya ubaguzi wa rangi nchini Marekani, wanafunzi hutarajia nianze na mahakama au maandamano. Mimi huanza na mpira wa kikapu, katika chuo kidogo cha mji wa Durham, North Carolina.

Chuo hicho, ambacho leo ni North Carolina Central, kilianzishwa na James E. Shepard mwaka 1910 kwa ajili ya Weusi. Tangu miaka ya 1920 kiligharimiwa na jimbo, yaani na watunga sheria walewale waliotenganisha watu kwa rangi. Watumishi wa umma wanaonisoma wataelewa vema maana ya kuishi kwa bajeti ya mtu asiyekuheshimu.

Kocha wa chuo hicho alikuwa John McLendon. Alisoma Chuo Kikuu cha Kansas, akalelewa kitaaluma na James Naismith, aliyeubuni mchezo huu mwaka 1891. Hata hivyo, kwa sababu ya rangi yake, hakuruhusiwa kuichezea timu ya chuo. Basi mwanafunzi wa mbunifu mwenyewe akabaki mtazamaji! Elimu ile aliipeleka Durham. Wakati timu nyingi zilikuwa zikisogeza mpira taratibu, vijana wake walikimbia dakika zote, wakibana na kushambulia kabla mpinzani hajajipanga. Msimu wa 1943–44 walipoteza mchezo mmoja tu, lakini mashindano makubwa ya kitaifa hayakuwafungulia mlango.

Katika mji huohuo, shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Duke ilikuwa na timu ya Wazungu, wanafunzi waliokuwa chini ya jeshi wakati wa vita, nayo ilisifika kwa ubora. Ni ipi iliyokuwa bora zaidi? Tarehe 12 Machi 1944, Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, wageni walifika kwa njia ya kuzunguka huku wamejifunika nyuso kwa makoti. Milango ikafungwa. Wenyeji walishinda 88 kwa 44. Kisha, jambo lililo zito kuliko ushindi wenyewe, wakachanganya wachezaji wa timu zote mbili na kucheza tena.

Wapo wanaoisimulia habari hii kama kisa kitamu cha urafiki. Sikubaliani nao. Miezi minne baadaye, katika mji huo, askari Mweusi Booker T. Spicely aliuawa kwa risasi na dereva wa basi Mzungu baada ya mabishano juu ya kiti, na mahakama ikamwachia dereva huru. Hatari haikugawanywa sawa kwa sawa katika ukumbi ule. Ndiyo maana hata mwandishi wa gazeti la Weusi aliyejua habari hiyo alikubali kutoiandika.

Umma uliisoma mwaka 1996, Scott Ellsworth alipoichapisha. Wakati huo McLendon alikuwa ameshatwaa ubingwa wa kitaifa wa vyuo vidogo, NAIA, mara tatu mfululizo, 1957 hadi 1959, akiwa na Tennessee A&I. Jumba la Heshima la mpira wa kikapu lilimwingiza mwaka 1979, lakini kama mchangiaji wa mchezo. Lilipomtambua kama kocha ilikuwa 2016, naye alikuwa amefariki tangu 1999.