Al-Falaq: Gazeti Lililozibwa Mdomo



Hapa kwetu mtoto wa madrasa huhifadhi Suratul Falaq mapema kabisa. Lakini ukituuliza Al-Falaq lilikuwa gazeti gani, wengi tutatazamana tu. Mimi mwenyewe sikujua mpaka nilipofika chuo kikuu.

Falaq ni mapambazuko. Ndilo jina Jumuiya ya Waarabu wa Zanzibar ililolipa gazeti lake, lililoanza 1929, kwa Kiarabu na sehemu kwa Kiingereza. Zanzibar ilikuwa na Sultani, ndiyo, lakini tangu 1890 neno la mwisho lilikuwa la Mwingereza. Tuseme ukweli: kwa miaka mingi gazeti hili lilitetea zaidi maslahi ya wenye mashamba ya karafuu. Baadaye watu kama Ahmed Lemke, aliyewahi kukaa Misri, wakaligeuza sauti ya kudai uhuru.

Mwaka 1954 likawashambulia wakoloni waziwazi. Serikali haikujibu hoja kwa hoja. Ililipiga gazeti marufuku, ikawashtaki viongozi wa Jumuiya kwa uchochezi, na wakapatikana na hatia. Hapa Kenya nako, magazeti ya Kikikuyu yalikuwa yameshafungwa baada ya hali ya hatari kutangazwa 1952. Kumbe dawa yao ilikuwa moja!

Je, watu walinyamaza? La. Jumuiya ilisusia Baraza la Kutunga Sheria kwa miezi 18, ikidai wapiga kura waandikishwe katika daftari moja bila kugawanywa kwa kabila. Julai 1957 uchaguzi wa daftari moja ukafanyika, ingawa si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura.

Lakini hasira nazo zilizaa msiba. Mwaka 1955 Sultan Ahmed Mugheiry, mwanajumuiya aliyevunja mgomo huo, aliuawa. Yaani wale waliozibwa mdomo, miongoni mwao akatokea asiyeweza kuvumilia mwenzake mwenye rai tofauti.

Na mambo haya hayakwisha na wakoloni. Machi 2004, Wamarekani walioikalia Iraq walifunga gazeti la Al-Hawza la Baghdad kwa siku 60. Watu walimiminika barabarani, na haukupita muda damu ikamwagika.

Vijana wenzangu, Wahyi ulianza kushuka katika mwezi huu, na ulianza kwa amri ya kusoma. Basi tusome, tuandike, na tumsikilize hata tusiyekubaliana naye. Hoja hujibiwa kwa hoja.

Ramadhan Karim.