Kati ya Nia na Njia: Historia Fupi ya Elimu ya Kumlinda Mtoto katika Tarime na Serengeti



Wapendwa katika Bwana, juma hili naomba tuitazame historia moja iliyo karibu nasi. Ni historia ya watu waliotaka kuwalinda watoto kabla ya wao wenyewe kufundishwa namna ya kuwalinda. Wahenga walisema penye nia pana njia. Neno hilo ni la kweli, lakini wahenga hawakutuambia kwamba kati ya nia na njia huweza kupita miaka mingi, na kwamba katika miaka hiyo wapo watoto wanaoumia.

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zinafahamika kwa mambo mengi mema: ardhi yenye rutuba, ng'ombe, watu wachapakazi wasioogopa kusema wanachokiamini. Zinafahamika pia kwa desturi ya kuwakeketa watoto wa kike. Miongoni mwa Wakurya, baraza la wazee wa mila liitwalo inchama ndilo lililotangaza msimu wa tohara, nao kwa kawaida uliangukia miezi ya mwisho ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, wakati shule zimefungwa. Msichana aliyekeketwa alihesabiwa kuwa mtu mzima, tayari kwa ndoa, na ng'ombe wa mahari yake waliongezeka. Asiyekeketwa aliitwa omosagane, jina la kumdharau, na dharau hiyo ilimfuata kisimani, shambani na hata katika nyumba ya mumewe. Tusiposhika jambo hili hatutaelewa kitu. Wazazi wengi waliowapeleka binti zao kwa ngariba hawakuwachukia. Walidhani wanawatafutia heshima.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo pamoja na mengine iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi miaka 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini sheria haina miguu ya kutembea usiku kutoka kijiji hadi kijiji. Haina macho ya kutambua kwamba mtoto aliyenyamaza darasani amenyamaza kwa hofu. Sheria hutembea kwa miguu ya watu, na mwaka 1998 watu waliofundishwa kazi hiyo walikuwa wachache sana. Matokeo yake tunayajua. Mahali pengine desturi ilifanywa kwa siri. Pengine watoto walikeketwa wakiwa wadogo zaidi ili wasiweze kusema. Pengine walivushwa mpaka wa Kenya, ambako nako sheria kamili ya kupiga marufuku ukeketaji ilipatikana mwaka 2011. Mtoto aliyekusudiwa kulindwa na sheria akawa anafichwa asionekane na sheria hiyo.

Ndipo walipojitokeza watu wa nia. Huko Masanga, Tarime, tangu mwaka 2008 kituo cha Kanisa Katoliki, watawa wakiwa mstari wa mbele, kimekuwa kikiwapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji msimu unapowadia. Wasichana hukaa kambini, hufundishwa juu ya miili yao, haki zao na wajibu wao, na mwisho hufanyiwa sherehe ya kuingia utu uzima pasipo kisu. Katika Serengeti, mwaka 2014, nyumba salama ilifunguliwa mjini Mugumu chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana, ikiongozwa na Bi. Rhobi Samwelly. Mama huyo amesimulia hadharani mara nyingi kwamba yeye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana mdogo, akatoka damu hata akakaribia kufa. Baadaye kazi hiyo iliendelezwa na shirika analoliongoza, Hope for Girls and Women, na nyumba nyingine ikafunguliwa Butiama. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, kupitia mradi wa Crowd2Map, wamechora kwa njia ya mtandao ramani za vijiji ambavyo havikuonekana katika ramani yoyote, ili msichana akiita usiku gari lijue njia ya kumfikia.

Ndugu zangu, hebu tusimame kidogo kwenye mlango wa nyumba kama hiyo. Ni saa nane za usiku. Msichana wa miaka 12 amefika amechanika miguu kwa miiba. Nani anampokea, naye amwambie nini?

Mwenye huruma atataka kumkumbatia na kumwuliza yote usiku uleule. Lakini waliosomea kazi hii watatwambia kwamba mtoto anayelazimishwa kurudia habari yake kwa mlinzi, kisha kwa sista, kisha kwa polisi, kisha kwa daktari, huumizwa upya kila mara. Mwenye huruma atamwambia, "Niambie, sitamwambia mtu." Mwenye elimu anajua kwamba hiyo ni ahadi asiyoweza kuitunza, kwa maana sheria inamtaka atoe taarifa, atamwambia mtoto ukweli kwa upole, ni nani watakaojua na kwa nini. Mwenye huruma atamfulia nguo zilizochafuka. Mwenye elimu atajua kwamba, kama mtoto amebakwa, nguo hizo ni ushahidi, na kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Atajua pia habari za fomu ya polisi namba 3, ile PF3, ambayo ikikosewa kujazwa kesi huweza kuanguka mahakamani, na mtuhumiwa akarudi kijijini akiwa na nguvu kuliko mwanzo.

Kisha msimu huisha, na hapo ndipo kazi iliyo ngumu kuliko zote huanza: kumrudisha mtoto nyumbani. Wazazi huitwa, viongozi wa kijiji, afisa ustawi wa jamii na polisi huketi nao, na ahadi huandikwa. Wapo wazazi wanaowapokea binti zao kwa machozi. Wapo wanaoweka sahihi huku kisu kikiwangoja nyumbani. Nani atatambua tofauti kati ya hao wawili? Na yule ambaye wazazi wake wamemkataa kabisa, atalelewa wapi, kwa muda gani, bila kukatwa na ukoo wake milele? Maswali haya hayajibiwi kwa moyo mwema peke yake.

Tukitazama historia ya taifa letu tutaona kwamba elimu hii ilichelewa lakini haikukosekana. Mwaka 1973 sheria ilianzisha chuo cha taifa cha kufundisha kazi za ustawi, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam. Mwaka 1991 Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2009 ikapatikana Sheria ya Mtoto, iliyokusanya mahali pamoja mambo yaliyokuwa yametawanyika katika sheria kadhaa, zikiwemo zilizorithiwa kutoka ukoloni. Sheria hiyo inamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa ya mahali pale. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto: karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7 hivi, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2017 ukaanza mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, uliozoeleka kwa jina la MTAKUWWA, ulioagiza ziundwe kamati za ulinzi hadi ngazi ya kijiji.

Kwa hiyo ghafla walihitajika watu wenye ujuzi kila mahali: afisa ustawi, polisi wa dawati la jinsia na watoto, muuguzi, mwalimu wa malezi, hakimu, katekista, mlezi wa bweni. Watu hao walikuwapo tayari kazini. Walikuwa wamesomea ualimu, uuguzi, sheria au teolojia, na wengi wao hawakupata hata somo moja la kina juu ya mtoto aliyeumizwa. Je, tungewaambia waache kazi, waende Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Tarime, wakae huko miaka miwili? Nani angeubaki mlango ule saa nane za usiku?

Hapo ndipo tunapoona thamani ya masomo ya uzamili yanayoandaliwa kwa ajili ya watu walio kazini. Mwanafunzi husoma jioni na mwisho wa juma, hukutana na walimu kwa vipindi vifupi, na mengine huyapata kwa njia ya mtandao. Nchi yetu ina mazoea ya namna hiyo: Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha mwaka 1994, na kina vituo mikoani. Faida ya mtindo huu si kuokoa nauli tu. Anayesoma huku akifanya kazi huleta darasani swali la jana, na kesho yake hurudi kazini na jibu la kujaribu. Afisa wa Mugumu aliyesoma juu ya kuwapatanisha wazazi na mtoto hatasubiri kuhitimu ndipo autumie ujuzi huo. Familia inamngoja Jumatatu.

Kanisa nalo, wapendwa, halina budi kuisimulia historia yake kwa unyenyekevu. Sisi hatukuingia katika elimu hii kama walimu. Tuliingia kama watu walioaibishwa na dhambi za baadhi yetu, na za waliozificha. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Kipapa cha Gregoriana kilianzisha Kituo cha Ulinzi wa Mtoto, kwanza huko München, Ujerumani, kikiwafundisha kwa mtandao watumishi wa kichungaji wa nchi nane, Kenya ikiwa mojawapo. Baadaye kituo kilihamia Roma. Mwaka 2016 kikaanza kutoa stashahada, mwaka 2018 leseni, yaani shahada ya pili katika vyuo vya Kanisa, na mwaka 2021 kikainuliwa kuwa taasisi kamili. Jirani zetu wa Uganda, kwa mpango ulioanzishwa na shirikisho la watawa mwaka 2016, waliwapeleka masista wenye kuongoza makao ya watoto wakasomee kazi za ustawi, na elimu hiyo ikawafanya waulize upya kama kila mtoto aliye kwao alistahili kweli kuwa kituoni au angeweza kurudi kwenye familia.

Natumaini fundisho liko wazi. Nyumba ya kumlinda mtoto isiyo na kanuni inaweza yenyewe kuwa mahali pa hatari. Mavazi ya utawa au ya ukasisi si kinga ya mtoto. Kinga ni watu waliofundishwa, wanaochunguzwa, na wanaokubali kuulizwa.

Nimewahi kusikia wakisema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, vyeti ni vya nini?" Swali hilo halistahili kudharauliwa. Cheti kilichotundikwa ukutani hakijamwokoa mtoto yeyote, na msomi asiyejua Kikurya, asiyejua kuketi na wazee na kuwasikiliza, atafukuzwa au atadanganywa. Wako bibi ambao hawakwenda shule nao wamewaficha wajukuu wao jikoni hadi msimu upite. Lakini tukumbuke dada yake Musa kando ya mto. Alimpenda mdogo wake, naam. Lakini pia alijua pa kusimama, alijua wa kusema naye, na alijua neno la kusema kwa wakati wake. Upendo wake ulikuwa na maarifa, na kwa hayo mtoto alirudi mikononi mwa mama yake.

Matunda yanaonekana, ingawa polepole. Takwimu za taifa za mwaka 1996 zilionyesha kwamba asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 8. Katika Mara ilikuwa asilimia 32 katika utafiti wa 2015 na 2016, nayo ikashuka hadi asilimia 28 mwaka 2022. Hesabu hizo ni pamoja na akina mama waliokeketwa zamani, ambao maumivu yao hayawezi kufutwa. Hata hivyo zinatuambia kwamba kazi bado ni kubwa.

Basi tufanye nini? Katika jumuiya zetu ndogo ndogo tumezoea kuchangia karo ya seminari, harusi na misiba, na tunafanya vema. Tufikiri pia kumchangia mwalimu mmoja, muuguzi mmoja, sista au katekista mmoja aliye tayari kusomea ulinzi wa mtoto huku akiendelea na kazi yake kati yetu. Mwajiri ampe siku za mitihani. Jirani amsaidie watoto wake jioni anaposoma. Msimu mwingine utakuja. Mtoto mwingine atabisha hodi usiku. Tuombe, na tujitahidi, kwamba atakayefungua mlango awe na nia, na awe ameijua njia.